Maswali ninayoulizwa kila siku: mtoto hasemi darasani, mtoto anapiga wenzake, mtoto hasikii

Asalaam alaykum. Mimi nasomesha madarasa ya chini hapa Pemba, la kwanza mpaka la tatu, huu mwaka wa kumi na nane. Maswali haya naulizwa getini, naulizwa sokoni nikinunua samaki, naulizwa usiku kwa voisi za WhatsApp, na walimu wenzangu wananiuliza tukikutana TC, kituo cha walimu. Nimeona niyakusanye pahala pamoja ili mzee yoyote ayasome kwa utulivu wake. Mimi si daktari. Nloandika hapa ni yale nloyasoma kwenye mafunzo, nikayajaribu darasani, na mengine nlojifunza kwa kukosea.

Mwanangu anapiga wenzake kila siku. Nshampiga, nshamfungia ndani, nshamsomea, bado. Nifanyeje?

Kumsomea endelea, dua haina hasara. Ila kabla hujampiga tena naomba ufanye kitu kimoja kwa wiki moja tu. Chukua daftari, piga mistari upate vyumba vitatu. Chumba cha kwanza andika nini kilikuwa kinaendelea KABLA hajapiga, cha pili kafanya nini, cha tatu watu walifanya nini BAADA yake. Andika na saa. Wiki ikisha kaa ulisome, utaona mambo hujawahi kuyaona.

Nlikuwa na mtoto wa kiume darasa la pili, kila siku lazma kesi, huyu kang'atwa, yule kavutwa kofia. Kila mtu anasema mkorofi, na mimi nikisema. Nikaanza kuandika. Siku ya nne nikaona karibu kesi zote ni kipindi cha kusoma, pale tunapogawa vitabu. Vitabu vichache, watoto wanne kitabu kimoja, na yeye kakaa pembeni ya dawati kwaiyo kitabu kinakuwa mbali na yeye. Nikasogea nikamtizama bila yeye kujua. Akanyoosha shingo, akarudi. Akanyoosha tena, akamgusa mwenzake begani, mwenzake hakugeuka. Akaguna. Alafu ndo ngumi ikaenda. Yani kabla ya ile ngumi mtoto alishaomba mara tatu kwa mwili wake, na hakuna hata mmoja wetu alofahamu, mana neno lenyewe hakuwa nalo.

Na chumba cha tatu ndo kilonishtua zaidi. Baada ya kupiga mimi nilikuwa namtoa nje. Na nje hakuna kusoma! Kusoma kulikuwa kunamshinda, kwaiyo kila akipiga anapata likizo, na anaempa likizo ni mimi mwalimu wake.

Nikamfundisha maneno matatu, "na mie nione". Hatukujifunza akiwa na hasira, mtoto akishapanda hasira hasikii kitu. Tulijifunza asubuhi kabla ya kengele, mimi nashika kitabu najifanya simuoni, yeye ananigusa anasema "na mie nione", nampa. Mara tano, mara sita, kama mchezo. Na wale watatu wa dawati lake nikawaambia akisema hivo basi kitabu kinasogea, hakuna mjadala. Wiki ya kwanza alipiga mara mbili. Ya pili nadhani mara moja. Sikusema kapona, bado mtundu, lakini ngumi ya kitabu iliisha.

Kwaiyo wewe mama swali lako lisiwe "nimpe adhabu gani", liwe "anataka kusema nini na hana neno lake". Ukishalijua mpe hilo neno, mfanyishe mazoezi akiwa ametulia, na akilitumia hata kwa sauti mbovu MPE alichoomba hapo hapo. Akisema vizuri alafu asipate, ataregea kwenye ngumi mana ngumi haijawahi kumuangusha.

Mtoto wangu hasikii neno. Namwita mara tatu nne, kama hakusikia vile. Ni ubishi?

Huenda kweli hajasikia. Hili nalisema kila pahala. Kabla ya kumwita mtoto mbishi au mjinga, tizama masikio yake.

Nina mtoto mmoja ananijia usiku mpaka leo. Mwaka wangu wa tatu kazini. Namwambia fungua ukurasa huu anafungua mwengine. Namwita haji. Siku moja nikampiga bakora mbili za mkono mbele ya darasa, akaniangalia tu, hakulia, akageuza kichwa upande wa kulia kama anaesikiliza kitu mbali. Nikainama kumsemesha ndo nikasikia harufu. Sikio la kushoto lilikuwa na pamba, na pamba imelowa usaha. Nyumbani walikuwa wanajua, wanatia mafuta ya nazi, hawakudhani kama inahusu masomo. Mimi ndo sikujua, na mimi ndo nlompiga. Nimemuomba radhi yeye na mamaake, na toka siku ile kila mwanzo wa mwaka nakagua masikio ya darasa zima kabla sijafungua hata kitabu.

Dalili zake: anakutizama mdomo unapozungumza, anageuza upande mmoja, tivii anaiongeza sauti, anajibu "ee?" kila mara, anamfuatiza mwenzake afanye nini ndo na yeye afanye. Na siku nyengine anasikia vizuri, siku nyengine hasikii, hapo ndo watu wanasema anajifanya. Maji yakijaa nyuma ya ngoma ya sikio ndo hivo, leo afadhali kesho mbaya, khasa akiwa na mafua.

Sikio likitoa usaha mpeleke kituo cha afya, usitie mafuta wala maziwa wala maji ya majani. Usaha ukikaa muda mrefu unaweza kuharibu usikivu kabisa, na ukitibiwa mapema mara nyingi mtoto anaregea sawa. Na wakati unasubiri matibabu mwambie mwalimu amkalishe mbele, sikio zima lielekee kwa mwalimu, mbali na dirisha. Skuli zetu za mikondo miwili dirishani ndo kwenye kelele, wale wa mchana washafika wanacheza na hawa wa asubuhi bado wanasoma.

Nyumbani anasema kama redio, skuli hatoi neno. Mwalimu ananambia mwanangu bubu!

Sio bubu. Kuna watoto wanaosema vizuri kabisa kwa watu wao, na wakifika pahala pengine koo linafunga. Hafanyi makusudi, ile ni khofu, na khofu hii inakaza zaidi kila ukimlazimisha. Mwezi wa kwanza wa skuli usihangaike, wengi wanakuwa kimya mana pahala pageni. Ukipita mwezi na bado, hapo tushughulike.

Mambo yanayoharibu: kumsimamisha mbele ya wenzake, kumwambia "ukisema ntakupa mia tano", kumcheka, na hili walimu tunalisahau, kumshangilia siku akisema. Ukipiga makofi "leo kasemaaa!" darasa zima linageuka kumtizama, na kesho hasemi tena.

Mimi nlimpata binti mmoja hivo, nusu mwaka sijui hata sauti yake ikoje. Nikamwambia mamaake, mrekodi nyumbani anasoma ukurasa wa kitabu unitumie. Ikaja voisi usiku. Nasikia kuku, nasikia ndoo inagongana na kisima, alafu sauti nyembamba inasoma ukurasa mzima bila kukosea, na mwisho anasema "mama, nsome na huu?" Nlikaa nikalia, wallahi. Mtoto alikuwa wa mwanzo darasani na mimi nshampa sifuri ya kusoma.

Tukenda polepole. Kwanza anaitikia kwa kichwa, inatosha. Alafu namkalisha na jirani yake wa mtaani anaecheza nae, wanasoma wawili kwa kunong'ona. Alafu mimi napita karibu. Alafu nakaa nao. Ilichukua mpaka karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka kuniambia neno la kwanza mimi mwenyewe, nalo lilikuwa "chaki imekwisha". Nikamjibu "haya, kachukue nyengine ofisini", basi, kama kitu cha kawaida, japo moyo unanienda mbio.

Mwanangu ana kigugumizi, wenzake wanamuigiza. Kitaondoka?

Mara nyingi kinaanza kati ya miaka miwili na mitano, wavulana zaidi kuliko wasichana, na kwa watoto wengi kinaondoka chenyewe. Wachache kinabaki, kwa watu wazima ni kama mmoja katika mia. Hakitokani na kutekenywa wala kutishwa wala ulezi mbaya, mama usijilaumu.

Mzee mmoja aliniuliza, mbona chuoni akisoma Qur-ani na wenzake hata hakwami? Ndivyo kilivyo, ukisoma kwa pamoja au ukiimba kigugumizi kinapungua sana au kinapotea pale pale. Kwaiyo darasani mimi namsomesha pamoja na mwenzake, sauti mbili, na anasoma kama maji. Usimwambie "sema polepole", "vuta pumzi", "anza tena", hayo yanamfanya auogope mdomo wake. Usimmalizie neno. Mtizame usoni, subiri, alafu jibu KILE alichosema. Wewe mwenyewe punguza mwendo wa kusema, yeye atakufuata. Na wanaomuigiza kaa nao pembeni uwaambie waache, na msimzungumze mbele yake kana kwamba ana ugonjwa.

Kikizidi au mtoto akaanza kukimbia maneno, au uso unakaza akitaka kusema, muombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa usemi.

Anasema "lafiki" badala ya "rafiki". Wameniambia akatwe ulimi.

R ni katika sauti zinazochelewa, mtoto wa darasa la kwanza kukosea r si ajabu. Cha kuangalia ni hichi: akifika miaka minne mtu mgeni awe anamfahamu zaidi ya nusu ya anayosema, tena sana. Kama ana saba na hata shangazi hamfahamu, hapo sio r tu, na anza na masikio.

Udata, ule ulimi ulioshikiliwa kwa chini, upo kweli, lakini mara nyingi sio unaochelewesha kusema. Anaeamua ni daktari, baada ya kutizama kama ulimi unafika mbele na juu. Asikatwe nyumbani, asikatwe na jirani anaejidai kujua, damu za kinywa khatari na wembe haujulikani umetoka wapi.

Na nyumbani usimkatize "sio lafiki, sema RRRafiki!" Yeye akisema "lafiki yangu kaja", wewe mwambie "aa, rafiki yako kaja? rafiki yako yupi?" Kalisikia mara mbili bila kuaibika.

Mwalimu mgeni kaja kutoka mjini, anawaambia watoto wetu hawajui Kiswahili.

Hili linaniuma kama mpemba. Mtoto anasema "ntu", "nkate", "nti", na darasa linaambiwa licheke. Hicho ndo Kiswahili alichonyonyea. Kiswahili cha kitabuni kilichaguliwa na watu, mwaka 1928 kule Mombasa walikaa kikao wakachukua Kiunguja cha mjini wakakifanya ndo cha vitabu na mitihani. Wangechukua cha kwetu leo mtoto wa Mjini Magharibi ndo angekuwa anarekebishwa. Na Makunduchi na Tumbatu hali ni hiyo hiyo, watoto wana lugha kamili, ina mpango wake.

Tabu inakuja hivi. Mtoto akichekwa mara mbili anafunga mdomo, mwalimu anaandika "hashiriki", mzee anaitwa, na mwisho mtoto anaonekana ana matatizo ya kusema wakati tatizo ni kicheko. Mimi naomba walimu wenzangu: mjibu alichosema, umpe na neno la kitabu ndani ya jibu lako, "ndio, mkate. Mkate umeununua wapi?" Kwenye kuandika ndo tumfundishe tofauti, tena kwa heshima, nyumbani tunasema hivi na kitabuni tunaandika hivi.

Kama huna hakika ni lahaja au ni kuchelewa kusema, muulize bibi yake. "Mjukuu wako anasema kama wenzake walivyokuwa umri huu?" Bibi alolea watoto wanane anajua.

Mimi ni mwalimu, nina watoto sabini na kitu chumba kimoja. Hayo ya kumkalisha mmoja mmoja ntayawezaje?

Nakufahamu mwalimu mwenzangu, mimi nshafika themanini na mbili. Nakupa yale yasiyotaka chumba kipya.

La kwanza ni kusubiri. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi walimu madarasani akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu, alafu anajibu mwenyewe au anaita mwengine. Walipojizuia wakasubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na "sijui" na kunyamaza vikapungua. Sekunde tatu ni bure. Uliza, alafu hesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Utaona ndefu mno mwanzo, mpaka utasikia aibu. Subiri tu. Mimi niliona wale wa nyuma kabisa wananyoosha mkono, watoto nlokuwa sijui kama wapo.

La pili, kabla ya kujibu mbele ya wote waambie wamwambie jirani. Sabini wakisema wawili wawili kwa dakika moja, wote sabini wamesema, wakati ukiuliza mmoja mmoja wanasema watano wale wale. Kelele itakuwepo, mwalimu mkuu ataangalia dirishani, mueleze.

La tatu, maagizo mafupi, moja moja. "Toeni madaftari muandike tarehe alafu mfungue ukurasa wa kumi na mbili na alomaliza jana asahihishe" ni maagizo manne, mtoto wa miaka saba kashika la mwisho tu, sasa anapekua na unamuita mkorofi.

La nne, michoro ya siku. Mimi nimekata boksi la biskuti nikachora kwa peni nene: kitabu, hesabu, kula, kucheza, nyumbani. Vipande vinaning'inia kwenye uzi ukutani kwa vibanio vya nguo, kila kipindi kikisha mtoto wa zamu anageuza kimoja. Wale wanaolia na kuhangaika kwa kutojua kinachofuata wanatulia. Na ishara ya kunyamaza iwe moja ya kila siku, mimi napiga makofi matatu wao wanajibu mawili, koo langu limepona.

Na sifa uitaje kwa jina lake, "umemngoja mwenzako amalize, vizuri". "Mtoto mzuri" hajui amefanya nini.

Siye tulipigwa na tumekuwa watu. Kwanini bakora mnaipiga vita?

Mimi mwenyewe nlipigwa na nimepiga, kwaiyo sijitoi. Bakora inanyamazisha, hilo kweli. Lakini mtoto anaepiga kwa kukosa neno, ukimpiga hujampa neno, umemuonyesha tu kwamba mkubwa anapiga na yeye. Na mtoto asiesikia, au anaetetemeka kusema, inamzidishia kile kile.

Sheria pia ipo, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inakataza mtoto kufanyiwa ukatili na adhabu za kutesa na kudhalilisha. Adhabu iwe na uhusiano na kosa. Kamwaga maji, afute. Kachana daftari la mwenzake, akae aligundishe na amuombe radhi. Kampiga mtu, kwanza tumtizame alopigwa, alafu yeye atulie, alafu ndo tuzungumze, na mazungumzo yasizidi dakika mbili.

Anajikojolea darasani, darasa la pili hili! Namtia adabu hasikii.

Muulize kama anajua kuomba ruhusa, na kama choo cha skuli kinaingilika. Watoto wengi wanabana kwa sababu choo kichafu, hakina mlango, au wakubwa wanawatisha kule. Mpangie na mwalimu ishara, vidole viwili juu na anatoka bila kuuliza. Kama kaanza ghafla, au anasikia maumivu, au anakunywa maji kupita kiasi, hospitali.

Skuli asubuhi, chuo mchana, tuisheni jioni. Anarudi anavunja vitu.

Kachoka. Mtoto wa umri wa skuli ya msingi anahitaji usingizi wa kama masaa tisa mpaka kumi na mbili kwa siku, na huyu analala saa tano usiku anaamshwa kumi na moja alfajiri. Chuo hatuachi, tuisheni ya darasa la kwanza acheni. Mpe nusu saa kati ya skuli na chuo ale, akae, asiulizwe chochote. Wengi "tabia" yao inaondoka hapo.

Anaimba katuni za Kingereza zote, nikimuuliza kwa Kiswahili hajibu. Lugha mbili zimemchanganya?

Lugha mbili hazimchanganyi mtoto wala hazimcheleweshi, watoto duniani wanakua na mbili tatu na hawana tabu. Tatizo ni kwamba katuni haimsubiri. Mtoto anajifunza kusema kwa kujibizana, yeye anatoa neno, mtu anamrejeshea, yeye anaongeza. Simu inasema peke yake kutwa. Kwaiyo punguza simu, na usiongeze maswali badala yake, "hii rangi gani, huyu nani", mtoto anajiona yuko mtihanini. Piga nae soga la kweli. Unakuna nazi, mwambie "hii imeoza upande, tizama", nyamaza, umsubiri.

Lakini kama anarejea maneno ya katuni tu, na akiitwa jina hageuki, hakuonyeshi kitu kwa kidole, anapanga vitu mstari na akivurugiwa analia saa nzima, au alikuwa na maneno yakapotea, usisubiri. Inaweza kuwa usonji. Usonji si shetani na hautokani na chanjo. Nenda Mnazi Mmoja au hospitali ya wilaya ueleze, mwambie na mwalimu wa elimu mjumuisho skuli kwako, yule anaeshughulikia watoto wenye mahitaji maalumu, na ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ina wazee wenzako walopita njia hiyo. Kukaa na mzee mwenzako mkazungumza kunasaidia kuliko unavyodhani.

Msimu wa karafuu anakosa wiki mbili tatu, akirudi kawa mtu mwengine.

Shambani alikuwa anapewa kazi ya kikubwa, anachambua karafuu, anasifiwa, darasani karudi hajui tumefika wapi, na watoto wengi afadhali waonekane wakorofi kuliko waonekane hawajui. Mimi akirudi siku ya kwanza namuuliza mbele ya wenzake azungumze shamba, pishi ngapi, nani kaanguka mtini. Anasema dakika tano kwa raha. Alafu namkalisha na mtu wa kumfuatiza daftari. Wazee nanyi mleteni japo siku mbili kwa wiki.

Mwanangu alikuwa mchangamfu, ghafla kanyamaza. Hataki kwenda pahala fulani. Ni tabia ya ukubwani?

Usiipite. Mtoto alobadilika ghafla, anaeogopa mtu mmoja au nyumba moja, anaelia akivuliwa nguo, anaejua mambo yasiyo ya umri wake, huenda kafanyiwa kitu. Mkalishe pahala penye amani, muulize kwa upole "kuna kitu kimekuudhi?" na ukimya wako uwe mrefu. Akisema, usipige kelele, usimuulize "kwanini hukusema mapema", mwambie "nakuamini, hujakosea". Usimuoshe, usikae kikao cha ukoo kumalizana. Nenda kituo cha mkono kwa mkono, Unguja kipo Mnazi Mmoja na Pemba kipo Chake Chake, hapo anapatikana daktari na polisi na ustawi pamoja. Namba 116 ya mtoto inapigwa bure. Na wewe mwalimu ukiambiwa na mtoto, kunyamaza kwa kuogopa majirani hairuhusiwi.

Mwalimu kaniita skuli. Mimi sijasoma, naona haya, nitasema nini?

Nenda mama. Unamjua mtoto wako kuliko sisi. Tuambie vitu vitatu: nyumbani anapenda nini, akikasirika kinamtuliza nini, na alianza kusema lini. Na wewe tuulize "lini hasa inatokea, na kabla yake kulikuwa na nini?" Mwalimu akikujibu "kila wakati" muombe akuandikie wiki moja. Ni haki yako na sio utovu wa adabu.

Wangu ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tatu, anasema maneno machache tu. Nshachelewa?

Hapana. Ninae mmoja kama huyo sasaivi. Tulimtengenezea kadi, boksi lile lile la biskuti, michoro kumi: maji, choo, naumwa, sitaki, bado, nisaidie, cheza, mama, kula, ndio. Zimetobolewa zimetiwa uzi anavaa shingoni. Baadhi ya walimu walisema tukimpa kadi atakuwa mvivu hatosema kabisa, lakini picha haizuii usemi, watoto wengi inawavuta kusema zaidi kwa sababu wamepumzika na zile hasira. Mimi kila akinionyesha kadi nalitaja neno, "maji, unataka maji", nampa.

Alikuwa anavuta watu nguo mpaka zinachanika, kwaiyo wenzake walikuwa wanamkimbia. Wiki iliopita kengele ya mapumziko imelia namuona kaenda kwa mama anaeuza pale chini ya muembe, kashika kadi ya "kula", mama akamuonyesha ubuyu akatikisa kichwa, akamuonyesha malai, ile barafu tamu ya fimbo, akacheka. Karudi kwangu kashika fimbo ya malai, mkono wote umelowa, ananionyesha uzi wake. Anataka nimchoree na kadi ya malai.